Mwaka Nilipokuwa Lisosomu

Mwalimu Nzowa amekufa kwa kisukari, kitandani kwake, na nilipoipata habari hiyo kwenye kundi letu la simu nilikuwa maabara, Tunduma, nimeinamia hadubini. Nilimaliza kuhesabu seli za damu za mgonjwa wangu, nikaandika majibu, nikavua glavu, ndipo nikasoma tena vizuri. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wameshaanza kummwagia sifa: pumzika baba, bila fimbo zako tusingekuwa watu. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle chumbani, "Unafiki mtupu." Aisifuye mvua imemnyea, wanasema, lakini hawa walinyeshewa mvua ya mawe na mpaka leo wana makovu, na bado wanasifu. Halafu nikatoka nikaomba ruhusa ya siku mbili, kwa sababu na mimi nilikuwa na jambo la kusema pale msibani. Lilikuwa limekaa mdomoni mwangu kwa miaka zaidi ya thelathini, na niliapa kwamba safari hii nitalisema mbele za watu, kaburi likiwa bado wazi.

Ulikuwa mwaka wa kidato cha tano. Shule ilikuwa ya bweni, ya wasichana, upande wa juu wa Mbozi katikati ya mashamba ya kahawa, na jina lake silitaji kwa kuwa bado ina watoto wa watu. Tuliochukua baiolojia tulikuwa kumi na tisa. Siku ya kwanza Mwalimu Nzowa aliingia, mtu mfupi, nadhifu, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, akachora ubaoni duara kubwa, kisha akageuka akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. "Darasa hili ni seli," alisema. "Kila mmoja wenu ni sehemu ya seli. Sehemu moja ikifa, seli nzima inaugua." Kiranja akawa Kiini, atoe amri na kutunza daftari la siri zote. Wasichana wawili wenye mapaja mazito wakawa Mitokondria, na kwa kuwa mitokondria hutoa nguvu, wao ndio wangebeba maji ya maabara kutoka mtoni. Walioandika haraka akawaita Ribosomu, wakiunda sentensi kama ribosomu zinavyounda protini. Msichana mmoja mpole akawa Golgi, wa kufungasha madaftari na kuyapeleka ofisini. Mnene kuliko wote akamwita Vakuoli, ghala, na darasa likacheka, na yule binti hakula ugali wa kushiba mpaka mwaka ulipoisha. Mimi nilikuwa mrefu, nimetoka milima ya Ileje na mikono ya kubebea kuni. Alinitazama muda mrefu kuliko wengine. "Wewe," akasema, "ni Lisosomu."

Lisosomu, kwa asiyejua, ni kifuko kidogo ndani ya seli chenye vimeng'enya vikali. Kazi yake ni kula kilichochakaa, kilichoharibika, na mgeni aliyeingia kwa nia mbaya. Mwalimu Nzowa aliifanya kazi hiyo iwe yangu kwa maana anayoijua yeye. Kila mwanafunzi alitakiwa kuijua sehemu yake, umbo na kazi, kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyoandikwa kwenye notisi zake, na angeweza kuulizwa saa yoyote, hata kwenye foleni ya uji. Akikosea, Lisosomu inaitwa immeng'enye: fimbo nne viganjani. Lisosomu ikipiga kwa huruma, seli nzima inalala kifudifudi juu ya madawati na Mwalimu mwenyewe anapita na mpira wa kumwagilia. Fimbo nilizikata mimi, kwenye mibuni iliyopogolewa, na fimbo ya mbuni ni ngumu na ina vifundo. Ningeweza kuwaambia wajukuu kwamba nililia usiku na mchana, lakini nimezeeka mno kwa uongo wa aina hiyo. Mwezi wa kwanza niliipenda kazi ile. Nilipewa ukoko wa ugali bila kuomba, nilipishwa kwenye moto, na msichana aliyekuwa ananiita mshamba wa Ileje akaanza kuniita dada.

Nilijua viganja vya watu kuliko nyuso zao. Fimbo ya kwanza kiganja kinastuka, ya pili kinawaka, ya tatu kinaanza kuvimba pale chini ya kidole gumba, na ya nne mtu hakunji tena vidole. Kuna mmoja alikuwa anajikojolea akisikia tu jina lake, na nilimpiga akiwa amejikojolea. Jikoni, ambako nilikuwa nakwenda kuota moto asubuhi za baridi, nilisikia wapishi wakimzungumzia Mwalimu wakidhani nimezama kwenye uji wangu. "Watoto wake wanafaulu," alisema mmoja, akigeuza maharage. "Na mkewe je, naye anafaulu?" akajibu mwenzake, wakacheka kicheko kifupi cha watu wanaojua jambo, wakaniona, wakaanza kuongelea kuni. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani nyumba ya mwalimu ni jambo la mwalimu. Leo kicheko kile kinaniudhi kuliko fimbo.

Aliyeniharibia utamu wa kazi yangu alikuwa Faines. Alitoka Ivuna, kwenye chemchemi za chumvi, na alikuwa wa kwanza kwao kufika kidato cha tano, msichana mdogo wa mwili aliyeongea Kiswahili cha kuvuta, akilala kitanda cha chini mimi nikiwa cha juu. Mwalimu alimpa Utando, ile ngozi nyembamba izungukayo seli na kuchagua nini kiingie na nini kitoke. Tabu ya Faines ni kwamba alitaka kuelewa. Alipoulizwa kazi ya utando hakusema maneno ya notisi. Alisema, "Mwalimu, kwetu ukikata mboga ukainyunyizia chumvi, baada ya muda unakuta maji chini ya sahani. Yale maji yalikuwa ndani ya majani. Yamepita kwenye utando kufuata chumvi, chumvi yenyewe imekaa nje." Hata mimi nilielewa, tena nilielewa kitu nilichokuwa nakikariri tangu kidato cha kwanza. Mwalimu Nzowa akakunja uso. "Hayo ni mambo ya jikoni. Notisi zinasemaje?" Faines akasema hakumbuki zinasemaje lakini ndivyo ilivyo. "Lisosomu," akaita Mwalimu, na mimi nikasimama.

Nilimpiga Faines kila wiki, muhula mzima. Alikuwa na kopo la chumvi ya kwao chini ya kitanda, na jioni aliomba maji ya moto jikoni, akaikoroga kwenye beseni, akawaita wote niliowapiga siku hiyo waje waloweke mikono. Aliloweka na ya kwake. Siku moja nami nilikuwa nimechubuka kwa vifundo vya fimbo, nimesimama mlangoni kwa aibu, akaniambia, "We Sekela, njoo na wewe, maji hayabagui." Niliingiza mkono wangu kwenye beseni lile kati ya mikono niliyoivimbisha mwenyewe. Hakuna aliyeutoa wa kwake, na hakuna aliyenitazama. Nilimwambia usiku ule, kwa sauti ya chini, akariri tu zile notisi, aniokoe. Akasema, "Nikikariri nitasahau Januari. Nikielewa nitakufa nalo." Nilimchukia kwa jibu hilo, na ninakiri kwamba wiki iliyofuata nilimpiga kwa nguvu zaidi.

Hadubini ilikuwa moja, imefungiwa kabatini, na hatukuwahi kuigusa. Tulikuwa tunapigwa kwa sababu ya vitu ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuviona. Ilitolewa siku moja tu mwaka ule, walipokuja wakaguzi, mwezi wa kumi, joto limeshika na mvua bado. Mwalimu alitandika ngozi ya kitunguu chekundu kwenye kioo, akatupanga kama watoto wa ubarikio kanisani, wakaguzi wakatazama, wakasifu, wakaenda ofisini kunywa chai. Naye akawasindikiza. Hapo Faines akatoa kikopo cha maji ya chumvi mfukoni mwa sketi, akadondosha tone pembeni ya kioo, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akapiga yowe la furaha, yowe la mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea. "Unaondoka! Utando unaondoka ukutani! Njooni muone!" Tuligombania, Kiini na Vakuoli na Mitokondria wote, na zamu yangu ilipofika niliona visanduku vyekundu vimepangana, na ndani ya kila kisanduku rangi imejikunja, imejitenga na ukuta, imekuwa ndogo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona seli. Mkate ninaokula mpaka leo ulianzia pale, kwenye tone la Faines.

Mwalimu aliporudi, maji ya chumvi yalikuwa yametapakaa kwenye meza ya hadubini na tone moja limekaukia kwenye lenzi. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akauliza nani, na Faines akanyoosha mkono mwenyewe, bado anatabasamu, maana alidhani atamwonyesha. "Lisosomu. Piga mpaka nitakaposema basi." Nne zikapita. Kumi zikapita. Nilikuwa nahesabu kwa sababu kuhesabu kunasaidia, halafu nikaacha kuhesabu. Ngozi ya kiganja ilipasuka, damu ikarukia notisi za Ribosomu mmoja kwenye dawati la mbele, naye akaanza kutapika. Faines akashusha mkono. "Mgongoni," Mwalimu akasema. Nikapiga mgongoni. Fimbo ikavunjika, nikabaki na kipande kinene, nikasema, "Mwalimu, inatosha." Alimshika Faines kwa nywele, akamlaza kifudifudi sakafuni, akampiga kofi la sikio kwa kiganja kilichokunjwa, lile kofi linalosukuma hewa ndani, moja, mbili, na la tatu damu ikatoka sikioni, nyembamba, ikaingia kwenye kola.

Mwalimu Nzowa mwenyewe ndiye aliyetusomea, bila kuinua macho kwenye notisi zake, kwamba kifuko cha lisosomu kikipasuka vimeng'enya humwagika na seli hujila. Mimi nilipasuka. Alikuwa ameinama, amenipa ubavu, na nilimpiga usoni kwa kile kipande cha mbuni kwa nguvu zote alizokuwa amenifundisha kuzitumia kwa wengine. Kifundo kiliingia kwenye jicho la kushoto. Nilisikia, na sauti ile sitaieleza. Alipoinuka na kushika uso, darasa lote likamwendea, wote, hata yule wa kujikojolea, hata Golgi mpole. Walimpiga kwa stuli, kwa birika la maji, kwa viatu. Vioo vya dirisha vilivunjika, kabati likaanguka, hadubini ikalala chini imevunjika shingo. Vakuoli alimkalia kifuani akamng'ata bega hadi akatoka na kitambaa cha shati mdomoni. Nilikuwa nimeganda ukutani na mikono mitupu, nikiwa nimeiangusha fimbo bila kujua. Mlinzi alipovunja mlango, wasichana walitawanyika, na aliyebaki katikati ya chumba, amekaa sakafuni kando ya Mwalimu, damu inamtoka sikioni na kile kipande cha fimbo kiko mapajani mwake, alikuwa Faines.

Bodi ya shule iliketi siku ya tatu. Tuliwekwa kwenye benchi nje ya ofisi, tukiitwa mmoja mmoja, na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kila neno linapita. Nilisikia Faines anaulizwa nani alianza. Akaambiwa mlinzi alimkuta na fimbo, jicho la mtu limetoka, polisi wanaweza kuitwa, ni bora aseme. Mashine ya karani ya kuchapa ikasimama, kisha nikamsikia kwa sauti yake ile ya kuvuta: "Kama kuna mwingine, atasema mwenyewe." Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Ningeweza kusimama, hatua tatu tu. Nilisikia wanasubiri, na nilijua Faines anasubiri kuliko wao wote. Nilitazama viatu vyangu. Nilitaka kufanya mtihani, nilitaka koti jeupe, na nilikuwa mwoga, basi, hakuna jingine. Wenzangu kumi na saba waliona aliyepiga, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mimi nilikuwa bado Lisosomu na waliniogopa. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Sisi tulichapwa mbele ya shule nzima na kurudishwa darasani. Mwalimu alirudi muhula uliofuata na jicho moja, akifundisha kwa sauti ya chini, na hakushika fimbo tena. Kwenye mtihani wa mwisho lilikuja swali la lisosomu, nikaliandika lote bila kukosea.

Kwa hiyo nilikwenda msibani. Kijiji chake si mbali na Vwawa, na nilipofika kwaya ilikuwa inaimba na wanawake wamekaa kwenye mikeka wakichambua mchele wa chakula cha wageni. Mmoja wao alikuwa mama mkubwa wa mwili, buti za mvua miguuni, ambaye kwa safari yake kutoka Ivuna kupitia Chitete alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimjua kwa jinsi alivyoinamia ungo. Nikakaa kando yake, nikasema nina neno.

"Zunguka upande huu," Faines akasema bila kushangaa. "Hilo sikio lilikufa."

Nikazunguka. Nikamwambia: aliyempiga Mwalimu jicho ni mimi.

"Najua. Nilikuwa sakafuni, niliiona miguu yako inavyojipanga." Akatupa kijiwe nje ya mkeka. "Ndilo ulilokuja nalo?"

"Nitasimama leo niseme mbele ya watu wote. Wajue kwamba ulionewa."

Akauweka ungo chini. "Ukishasema, wewe utalala usingizi. Na mimi je?" Sikuelewa, na aliona kutoelewa kwangu, akakasirika. "Sekela, mimi nilirudi Ivuna sina cheti, sikio linatoa usaha, baba hanitazami. Nilibaki na nini? Nilibaki na lile jicho. Mume wangu aliniinulia mkono siku moja, mama yake mwenyewe akamshika, akamwambia acha, huyo ndiye aliyemtoboa mwalimu. Wenye ng'ombe wakiwaingiza kwenye chumvi yetu, mimi nikisimama wanawarudisha. Wanangu wa kike hawajaguswa na mwalimu yeyote, mpaka wakamaliza. Wote wanaijua habari ile. Leo unataka uwaambie sikuwa mimi?"

"Lakini ndiyo ukweli," nikasema.

"Miaka yote hiyo haukuwa ukweli, kwa kuwa ulikuwa unakufaa. Shule mlichukua. Hili niachie."

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, nimeipanga tangu Tunduma, na ikaniishia pale mkekani. Tukaitwa wanafunzi wa zamani tuingie ndani kumpa mjane pole. Chumba kilikuwa kidogo, kina joto, kinanuka ubani na watu, na mjane alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, mwembamba, amefungwa kitambaa cheupe kichwani. Alipokea mikono yetu bila kuitazama. Kisha akauliza, kwa utulivu, kama anayeuliza nani amekuja na basi: "Ni yupi kati yenu aliyempiga baba jicho?" Kwaya ilisikika nje. Wenzangu, watu wazima wenye vyeo vyao, wote wakageuka wakanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Faines akapita mbele yangu, akapiga magoti.

"Ni mimi, mama."

Tulidhani atamlaani. Mjane aliuliza ni mkono upi, na Faines akatoa wa kulia, ule wenye kovu katikati ya kiganja, na yule mama akaushika kwa mikono yake miwili. "Alikuwa ananipiga kila wiki," alisema. "Mimi na watoto. Alipotoka hospitali na jicho lile hakuniinulia mkono tena, mpaka anakufa. Nimekaa miaka yote hii na asante yangu, sijui nimpe nani." Faines aliinamisha kichwa akaipokea, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilisimama nyuma yake, na nilichosikia moyoni kilikuwa wivu, nakiri, wivu mbaya kabisa.

Mjane akainua macho akaniona. "Na huyu mrefu, nyuma yako, ni nani?"

"Huyu," Faines akasema akifuta uso, "tulisoma naye."

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Nilikuwepo."